Nani Anabeba Hasara? Mwongozo Kamili wa Kujenga Mfumo wa Chakula wa Haki na Endelevu Katika Jamii

Mwaka 1943, katika jimbo la Bengal nchini India, ambalo wakati huo lilikuwa chini ya utawala wa Waingereza, watu wanaokadiriwa kuwa kati ya milioni 2 na milioni 3 walikufa kwa njaa na kwa maradhi yaliyoandamana nayo. Mchumi Amartya Sen, aliyeiona njaa hiyo kwa macho yake akiwa mtoto, aliichunguza upya na mwaka 1981 akahitimisha kwamba chakula kilichokuwapo jimboni hakikuwa kimepungua kiasi cha kueleza vifo vingi namna ile. Bei ya mchele ndiyo iliyopaa huku ujira ukibaki nyuma, na walioathirika zaidi walikuwa vibarua wa mashambani, wavuvi na wengine ambao hawakuwa na shamba lao wala akiba ya kuwavusha. Hasara ya kupanda kwa bei iliwaangukia wale ambao hawakuwa na mahali pa kuitua.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu jamii nyingi zinapokutana kuzungumzia chakula huingia moja kwa moja kwenye suala la kuzalisha zaidi, kana kwamba mavuno yakishaongezeka mengine yote yatajipanga yenyewe. Swali ninaloliweka mbele katika mwongozo huu ni jingine, nalo litarudi katika kila hatua: mvua ikikatika, bei ikiporomoka au mzigo ukioza njiani, ni nani anayebeba hasara? Mfumo wa chakula wa haki ni ule ambao hasara yake imegawanywa kwa makubaliano yaliyoandikwa kabla haijatokea, na mfumo endelevu ni ule usioisukuma hasara hiyo kwenye udongo, kwenye maji na kwa wale watakaolima baada yetu.

Msingi wa kisheria wa kudai jambo hili upo tayari. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1966, unatambua katika kifungu cha 11 haki ya kila mtu kupata chakula cha kutosha. Ikiwa nchi yenu imeuridhia, mnapokwenda katika ofisi ya serikali kuomba eneo la soko au zabuni ya shule, semeni kwa adabu lakini kwa uhakika kwamba mnadai haki, wala hamwombi fadhila.

Hatua ya 1: Kifuateni chakula chenyewe kabla ya kupanga lolote

Watu watano hadi wanane wanatosha kuanza. Chagueni vyakula vitatu au vinne ambavyo kaya nyingi hula kila wiki, kisha kifuateni kila kimoja kutoka mkono hadi mkono: mkulima, mkusanyaji, msafirishaji, muuzaji wa jumla, mchuuzi, na mwishowe jikoni. Katika kila mkono andikeni mambo manne, yaani bei ya kununulia, bei ya kuuzia, kiasi kilichoharibika, na jina la aliyelipia uharibifu huo. Jambo hilo la nne ndilo linalosahauliwa zaidi, ingawa ndilo linalofunua mengi. Mtagundua, kwa mfano, kwamba msafirishaji anayechukua mboga kwa ahadi ya kulipa baada ya mauzo humkata mkulima thamani ya kila tenga lililooza, na mkulima hakuwapo tenga hilo lilipofunguliwa. Kwa upande mwingine mtamkuta mchuuzi aliyenunua kwa fedha taslimu alfajiri, ambaye jua la mchana likinyausha mzigo wake hasara yote ni yake na ya watoto wake.

Naomba hapa tusikimbilie kumlaani kila dalali. Anayesafiri kwenye barabara mbovu, anayekopesha bila dhamana na anayejua soko gani lina uhaba wiki hii anafanya kazi ya kweli, na vikundi vingi vilivyomwondoa kabla ya kujifunza kazi yake vimejikuta na mazao mlimani na wanunuzi bondeni. Kazi ya ramani hii ni kutenganisha malipo ya kazi na malipo ya ubabe.

Fanyeni uchunguzi huu mara mbili: mara baada ya mavuno, na tena katika miezi ya ukata ambapo maghala ya nyumbani yamekwisha. Tofauti ya bei kati ya vipindi hivyo viwili ndiyo itakayowaambia kama mnahitaji ghala kabla ya kitu kingine chochote. Tembeleeni pia kaya chache kwa ridhaa yao na muulize nani hula mwisho, nani hupunguziwa kwanza chakula kinapopungua, na deni la dukani limefika wapi. Matokeo yachorwe kwenye karatasi moja kubwa, na waliohojiwa wawe wa kwanza kuisoma na kuirekebisha.

Hatua ya 2: Undeni baraza lenye mamlaka halisi

Jiji la Toronto nchini Kanada liliunda baraza la sera ya chakula mwaka 1991, na tangu wakati huo mabaraza ya namna hiyo yameenea katika miji mingi. Mwaka 2015 miji zaidi ya 100 ilisaini huko Milan, Italia, makubaliano ya kushughulikia chakula kama jukumu la jiji. Baraza la kijiji au la mtaa halihitaji jina kubwa. Linahitaji uwiano wa wajumbe, na uwezo wa kuamua jambo likatekelezwa.

Kuhusu uwiano, kosa la kawaida ni kuwaalika wale ambao hualikwa katika kila mkutano. Wawepo wakulima wadogo, vibarua wasio na ardhi, wachuuzi, wapishi wa shule, wasafirishaji, wafugaji au wavuvi kama wapo, vijana, na watu wenye ulemavu. Wanawake wawe angalau nusu, na sababu yake ni ya kimahesabu pia: Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilionyesha mwaka 2023 kwamba mwanamke aliyeajiriwa kwa ujira katika kilimo hulipwa wastani wa senti 82 kwa kila dola 1 anayolipwa mwanamume. Asiyekuwapo meza inapopangwa ndiye anayekatwa. Mikutano ifanyike saa ambazo mama wa watoto wadogo na mchuuzi wa asubuhi wanaweza kufika, na kibarua anayeacha ujira wa siku ili ahudhurie afidiwe, la sivyo mtabaki na baraza la wenye nafasi.

Kuhusu kanuni, kazi ya Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, bado ni mwalimu mzuri. Alichunguza jamii zilizofaulu kusimamia kwa pamoja maji, misitu na malisho kwa muda mrefu, akaona kwamba zinafanana katika mambo kadhaa: mipaka ya nani ni mwanachama iko wazi, wanaoathiriwa na kanuni wanashiriki kuzibadilisha, waangalizi wanawajibika kwa watumiaji wenyewe, adhabu huanza ndogo na kupanda polepole, na kuna njia ya karibu na ya bei nafuu ya kusuluhisha ugomvi. Andikeni kanuni zenu kwa kuyapitia mambo hayo moja baada ya jingine. Hilo la adhabu lisipuuzwe. Kikundi kinachomfukuza mtu kwa kosa la kwanza huishia kuogopa kumwadhibu yeyote, na hapo kanuni hubaki maandishi matupu.

Hatua ya 3: Wapateni walaji kabla ya kupanda mbegu

Mkulima anayepanda bila kujua nani atakula amejitwisha peke yake hatari ya hali ya hewa na ya soko kwa pamoja. Njia ya kumpunguzia mzigo ni kuwaleta walaji mwanzoni mwa msimu. Nchini Japani, kuanzia miaka ya 1970, familia za mijini zilianza kufanya mapatano ya moja kwa moja na wakulima, utaratibu unaojulikana kwa jina la teikei. Bei hupangwa kwa mazungumzo ya pande mbili, na walaji hukubali kupokea kile shamba lilichotoa, kiwe kingi au kichache. Nchini Marekani mashamba mawili yalianza utaratibu unaofanana na huo mwaka 1986, ambapo wanachama hulipia sehemu ya gharama za msimu mapema kisha hupokea mgawo wao kila wiki. Mvua ya mawe ikipiga, mgawo hupungua kwa kila mmoja, na mkulima habaki na deni lake peke yake.

Ili kuanza, fanyeni hesabu rahisi. Tuseme kaya 60 zimekubali kuchukua kilo 5 za mboga mchanganyiko kila wiki. Hiyo ni kilo 300. Ikiwa uchunguzi wa hatua ya kwanza ulionyesha kwamba asilimia 15 ya mboga huharibika kati ya shamba na jikoni, shamba linapaswa kutoa kilo 353 hivi ili 300 zifike. Gawanyeni kiasi hicho kwa wakulima kulingana na maji na nguvu kazi waliyonayo, na kila mmoja apande kwa awamu, wiki mbili mbili, ili mavuno yasije yote kwa mkupuo mmoja yakashusha bei na kuoza. Kaya 60 ni mfano wa hesabu tu; msimu wa kwanza msizidishe kaya 30. Ahadi ndogo iliyotimizwa hujenga imani ambayo mkutano wa hadhara hauwezi kuijenga.

Bei ihesabiwe kwa kuanzia chini: mbegu, mbolea, maji, kodi ya ardhi, usafiri, vifungashio, na saa za kazi za kila mtu shambani zikiwemo za mke, mume na watoto wakubwa, kwa kiwango cha ujira wa kibarua wa eneo hilo. Wakulima wengi wanapofanya hesabu hii kwa mara ya kwanza hugundua kwamba miaka yote wamekuwa wakiuza chini ya gharama na kufidia kwa kazi yao isiyolipwa. Karatasi ya hesabu hiyo ionekane na walaji. Mlaji anayeona kilicho ndani ya bei hubishana kuhusu kipengele, na ubishi wa kipengele huwa na mwisho.

Zaidi ya kaya, watafuteni wanunuzi wa taasisi. Shule, zahanati na vituo vya kulelea wazee hula kila siku, kwa kiasi kinachojulikana, na huo ndio uhakika anaouhitaji mkulima mdogo. Sheria ya Brazili ya mwaka 2009 iliagiza kwamba angalau asilimia 30 ya fedha ambazo serikali kuu hutoa kwa ajili ya chakula cha shuleni zitumike kununua moja kwa moja kutoka kwa wakulima wa familia, na iliwaondolea wakulima hao masharti ya zabuni ambayo kampuni kubwa pekee zingeweza kuyatimiza. Hata mahali pasipo na sheria kama hiyo, mkuu wa shule mmoja na kamati yake wanaweza kukubaliana na kikundi kuhusu zao moja kwa muhula mmoja. Mkataba utaje kiasi, ubora, siku ya kupeleka, na siku ya kulipa. Hiyo siku ya kulipa isimamieni kwa nguvu zote, kwa sababu taasisi inayochelewesha malipo kwa miezi mitatu inamkopa mtu maskini bila riba, na vikundi vingi hufia hapo.

Hatua ya 4: Linda ardhi, mbegu na udongo

Anayelima kwa ruhusa ya mdomo hawezi kupanda miti wala kurutubisha udongo, maana jasho lake linaweza kuchukuliwa msimu ujao. Baraza liwasaidie wasio na ardhi kupata mikataba ya maandishi ya miaka mitano au zaidi, yenye mashahidi na ramani ya mipaka, na ardhi ya taasisi iliyokaa bure iwe ya kwanza kuombwa.

Mbegu za asili zihifadhiwe katika benki ya mbegu ya jamii, ambapo mkulima huazima na kurudisha kiasi kikubwa kidogo kuliko alichochukua. Kila aina ihifadhiwe na familia tatu au zaidi, ili moto au panya wa nyumba moja wasifute kazi ya vizazi. Hii haimaanishi kukataa mbegu za kisasa. Inamaanisha mkulima asifike mahali ambapo mbegu ya mwakani haipo mikononi mwake kabisa.

Udongo nao hubeba hasara tunayoutwika, tofauti ni kwamba haulalamiki mkutanoni. Pandeni jamii ya kunde kwa mzunguko au kwa mchanganyiko na nafaka, kwa kuwa bakteria wanaoishi katika mizizi yake hunasa naitrojeni ya hewani. Mabaki ya sokoni na ya jikoni yarudi shambani yakiwa mboji: changanyeni malighafi kavu ya kahawia kama majani makavu na mabua pamoja na mbichi ya kijani na samadi, rundo liwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa, na lifike nyuzi joto 55 za Selsiasi au zaidi kwa siku kadhaa, likipinduliwa, ili mbegu za magugu na vimelea vingi vife. Ingizeni mkono kwa tahadhari katikati ya rundo baada ya siku nne; likiwa baridi limekosa unyevu, hewa au kijani.

Hatua ya 5: Okoeni kilichokwisha kuvunwa

Kwa makadirio ya FAO ya mwaka 2019, takriban asilimia 14 ya chakula duniani hupotea baada ya mavuno kabla ya kufika dukani. Zaidi ya hapo, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba mwaka 2022 tani bilioni 1.05 zilitupwa katika maduka, mahoteli na nyumba, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Kilo iliyookolewa haihitaji ardhi mpya, maji mapya wala jasho jipya. Ndiyo sababu nashauri fedha za kwanza za kikundi ziende kwenye uhifadhi kabla ya trekta.

Kwa nafaka, adui wa kwanza ni unyevu. Kabla ya kupokea gunia ghalani, fanyeni jaribio ambalo halihitaji mashine. Chukueni chupa ya kioo kavu yenye kifuniko, jazeni nafaka hadi theluthi moja, ongezeni vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokaushwa vizuri, fungeni na mtikise kwa dakika moja, kisha iacheni itulie kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15 hivi na gunia hilo lirudi uwanjani kuanikwa. Ikianguka yote chini, unyevu wa nafaka uko chini ya kizingiti hicho, ingawa kwa kuhifadhi kwa miezi mingi ndani ya mifuko isiyopitisha hewa inafaa ishuke hadi asilimia 13 au chini yake, kiwango kinachohitaji kipima unyevu, na kikundi kinaweza kununua kimoja cha pamoja. Uanikaji ufanyike juu ya turubai au kichanja. Nafaka inayoanikwa juu ya udongo hupata kuvu wanaotengeneza sumukuvu, sumu isiyoondolewa na kupika na inayosababisha saratani ya ini.

Nafaka ikishakauka, mifuko ya tabaka tatu hufanya kazi nzuri bila dawa. Mifuko miwili ya ndani ni ya plastiki nzito na wa nje ni wa kusuka. Wadudu waliobaki ndani humaliza oksijeni iliyofungiwa pamoja nao, wakaacha kula na kufa. Ufanisi wote uko kwenye kufunga: kila tabaka linasokotwa, linakunjwa na kufungwa kwa kamba peke yake. Mfuko uliotobolewa na panya ni gunia la kawaida tu.

Kwa mboga na matunda, kivuli na hewa mara baada ya kuchuma huokoa mengi kuliko majokofu yanayokuja baadaye. Mahali penye hewa kavu, chungu ndani ya chungu chenye mchanga mbichi katikati, njia iliyosambazwa kaskazini mwa Nigeria na mwalimu Mohammed Bah Abba miaka ya 1990, hupoza mboga kwa mvuke unaotoka kwenye mchanga. Kwenye hewa nzito yenye unyevunyevu njia hiyo haifui dafu, kwa hiyo watu wa ukanda wa pwani waelekeze nguvu kwenye kukausha na kuuza mapema.

Ghala la pamoja lina faida nyingine kubwa kuliko ulinzi wa nafaka. Mkulima huuza kwa bei ya kutupa mara baada ya mavuno kwa sababu ada, deni na matibabu havisubiri. Nchini Niger, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, vikundi vya wakulima vimekuwa vikiweka nafaka ghalani kama dhamana na kupata mkopo kutoka taasisi ya fedha ya karibu, kisha kuuza bei inapopanda na kulipa deni. Mlango wa ghala huwa na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa kikundi na mwingine kwa mkopeshaji, kwa hiyo hakuna anayeingia peke yake. Utaratibu wa stakabadhi ghalani unafuata wazo hilohilo. Kabla ya kuutumia, kadirieni kwa uangalifu kama tofauti ya bei mliyoiona katika hatua ya kwanza inazidi riba pamoja na gharama za ghala. Kuna miaka ambayo bei haipandi, na mkopo usizidi sehemu ya thamani ambayo kikundi kinaweza kuistahimili mwaka kama huo.

Hatua ya 6: Wekeni mizani na daftari mahali pa kuonekana

Mwezi Desemba mwaka 1844, katika mji wa Rochdale nchini Uingereza, wafumaji na mafundi wapatao 28 walifungua duka dogo lenye siagi, sukari, unga na mishumaa. Wakati ule wauzaji walichanganya chokaa kwenye unga na kupunja uzito, na wafanyakazi walikuwa wamefungwa na madeni ya dukani. Wale 28 waliahidi vipimo kamili na bidhaa safi, wakauza kwa fedha taslimu tu, wakampa kila mwanachama kura moja bila kujali hisa zake, na wakagawa faida kulingana na manunuzi ya kila mmoja. Vyama vya ushirika vingi duniani vimejengwa juu ya kanuni hizo, na kila nikizisoma naona kwamba uaminifu ulianzia kwenye mizani.

Basi mazao yapimwe kwa kilo, kamwe yasipimwe kwa gunia lililoshindiliwa na kuongezewa kilemba, yaani lumbesa, ambalo humfanya mkulima auze gunia moja na robo kwa bei ya moja. Mizani ikae kwenye usawa, uso wake umwelekee mkulima, na kila asubuhi ijaribiwe mbele ya watu kwa jiwe la uzito unaojulikana. Mpimaji asome uzito kwa sauti, mwandishi aurudie kwa sauti, ndipo uandikwe katika nakala mbili, moja ikiondoka na mkulima. Asiyejua kusoma apewe haki ya kuja na mtoto wake au jirani anayemwamini. Mambo haya huchukua sekunde chache kwa kila gunia na huzuia ugomvi wa miezi.

Daftari la fedha lisomwe hadharani kila mwezi: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na kilichoharibika pamoja na aliyebeba hasara hiyo. Mtunza fedha, mwandishi na mwenye ufunguo wasiwe wa nyumba moja. Fedha zisipolingana, msisubiri mkutano mkuu.

Hatua ya 7: Wafikieni wasio na uwezo wa kulipa

Bei inayomtosha mkulima inaweza kumshinda mlaji maskini, na mwongozo usiosema hivyo waziwazi unamdanganya msomaji. Kumshusha mkulima ili mlaji ale ni kuhamisha njaa kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Pengo hilo lazima lizibwe na chanzo cha tatu.

Jiji la Belo Horizonte nchini Brazili, mwaka 1993, lilitangaza kwamba chakula ni haki ya raia na likaunda idara maalumu ya chakula. Jiji lilifungua migahawa ya umma inayouza mlo kamili kwa bei ndogo kwa yeyote aingiaye, bila kuuliza kipato chake. Liliwapa wauzaji maeneo mazuri ya biashara kwa sharti kwamba bidhaa kadhaa za msingi ziuzwe kwa bei iliyopangwa na jiji, huku nyingine wakiziuza kwa bei ya soko. Gharama ya mpango wote imekuwa chini ya asilimia 2 ya bajeti ya jiji. Kinachonigusa zaidi ni ile foleni moja ya mgahawani, ambamo karani, mfagizi na asiye na makazi hushika sinia zinazofanana, na hakuna anayejulikana kwa sahani yake kwamba ni maskini.

Jamii ndogo inaweza kuiga kwa kiwango chake. Wenye kipato kizuri wachangie mgawo wa wiki kwa bei ya juu kidogo ili mgawo wa jirani upunguzwe, na orodha ya wanaopunguziwa ijulikane kwa watu wawili tu. Wengine walipe kwa saa za kazi shambani au ghalani, mradi kazi hiyo isiwe sharti kwa mgonjwa, mzee au mama aliyejifungua karibuni.

Hatua ya 8: Mtaji

Anzeni na hisa na akiba za wanachama, hata zikiwa ndogo, kisha mkopo, na ruzuku iwe ya mwisho. Ruzuku inafaa kwa vitu vya mara moja kama ghala, mizani na kipima unyevu. Mishahara, usafiri na umeme vilipwe na mapato ya shughuli yenyewe, maana mradi ambao mtunza ghala wake analipwa na mfadhili hufungwa siku mfadhili anapoondoka.

Hatua ya 9: Pimeni kinachotokea sahanini

Tani zilizouzwa hazielezi nani amekula. Kipimo chepesi na kinachoaminika huuliza wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 ni makundi mangapi ya chakula, kati ya 10, waliyokula katika saa 24 zilizopita: nafaka, mizizi na ndizi za kupika; jamii ya kunde; karanga na mbegu; maziwa; nyama, kuku na samaki; mayai; mboga za majani za kijani; matunda na mboga nyingine zenye vitamini A kwa wingi; mboga nyingine; na matunda mengine. Aliyekula makundi matano au zaidi ana uwezekano mkubwa wa kupata virutubishi anavyohitaji. Ulizeni kaya zilezile mara mbili kwa mwaka, wakati wa mavuno na wakati wa ukata, na mlinganishe. Ongezeni vipimo vitatu vya kwenu: fungu la bei ya mlaji linalomfikia mkulima, kiasi kilichoharibika, na siku ambazo mkulima alisubiri malipo. Kipimo cha wakati wa ukata kisipobadilika baada ya miaka miwili, mfumo unawanufaisha waliokuwa na nafuu tayari, na baraza lirudi hatua ya kwanza na ya pili kwa uaminifu.

Hatua ya 10: Andikeni mpango wa mwaka mbaya

Mpango huu uandikwe katika mwaka wa mavuno mazuri, wakati hakuna anayejua ni nani atakayeuhitaji kwanza. Utaje dalili zitakazouanzisha, kwa mfano tarehe ambayo mvua ikipita bila kunyesha, au bei ya nafaka ikifika kiwango fulani, ili watu wasisubiri mpaka mtu mwenye sauti kubwa akubali kwamba kuna tatizo. Utaje kiasi cha akiba kisichouzwa kamwe kabla ya mavuno mapya kuonekana. Utaje nani anapewa kwanza, nami ningeanza na kaya zenye watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee wanaoishi peke yao na vibarua waliokosa kazi, halafu wanachama kwa jumla. Mikopo ya ghala isogezwe mbele bila adhabu, walaji wa mgawo wakubali upungufu kwa uwiano mmoja, na malipo ya chini kwa mkulima aliyepoteza shamba yatoke kwenye mfuko wa dharura ambao kila mauzo yameuchangia fungu dogo tangu siku ya kwanza.

Utaje pia nani anafungua ghala mwenyekiti akiwa safarini au akiwa mgonjwa, na saa ngapi baada ya dalili kuthibitishwa kufuli hizo mbili zinapaswa kuwa zimefunguliwa. Nakala moja ibandikwe upande wa ndani wa mlango wa ghala, kwa maandishi makubwa, karibu na ile mizani.